Pointi za Reki na Koleo: Historia ya MYSA Tangu 1987 na Funzo Lake kwa Klabu za Isiolo

Utangulizi

Mwaka 2027 Mathare Youth Sports Association, chama kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake MYSA, kitatimiza miaka 40. Huo ni umri mkubwa kwa chama cha michezo cha mtaani. Klabu nyingi za mitaa yetu huzaliwa mikononi mwa mfadhili, hutamba misimu miwili mitatu, kisha hufifia siku mfadhili anapochoka au anapobwagwa kwenye kura. Jezi hubaki kwenye gunia nyumbani kwa katibu, na kombe hubaki sebuleni kwa mwenyekiti.

Chama cha Mathare kilianzia mahali penye umaskini kuliko kwingi, kikaishi kupita misukosuko iliyoangusha hata mashirikisho ya taifa. Tunaifuata safari yake hatua kwa hatua kwa ajili ya viongozi wa michezo wa Isiolo, kuanzia Bulla Pesa na Wabera hadi Merti, Kinna na Oldonyiro. Funzo kuu ni moja, na kila sura ya historia hii inalithibitisha: ndani ya MYSA cheo kilipatikana kwa kazi, kazi hiyo ikaandikwa, na kila mwanachama akajua inavyohesabiwa.

1987: Haja iliyozaa chama

Mwaka 1987 ulikuwa wa fahari kwa michezo ya Kenya. Mwezi Agosti Nairobi iliandaa Michezo ya nne ya Afrika katika uwanja mpya wa Kasarani. Harambee Stars ilifika fainali ya soka, ikafungwa na Misri bao 1-0. Mwezi Desemba, katika uwanja huohuo, Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika.

Kilomita chache kutoka Kasarani, katika bonde la mto Mathare, watoto walikuwa wakicheza kwa mpira wa juala, yaani mifuko ya plastiki iliyoviringishwa na kukazwa kwa kamba. Hawakuwa na ligi, refa wala ratiba. Uwanja ulikuwa upenyo wowote uliobaki katikati ya vibanda vya mabati na udongo. Jiji lenyewe halikuwa na baraza la madiwani, kwa kuwa tangu 1983 liliendeshwa na tume iliyoteuliwa na serikali. Ukusanyaji wa taka ulikuwa hafifu katika sehemu nyingi, na kwenye mitaa ya mabanda haukuwepo kabisa. Taka ziliziba mitaro, maji machafu yakatuama milangoni, na watoto wakaugua.

Agosti hiyohiyo, Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi kama mshauri wa masuala ya mazingira na maendeleo, alikaa na vijana wa Mathare wakapatana kuanzisha ligi. Makubaliano yao yalikuwa mepesi kukumbuka na magumu kukwepa: vijana wakifanya kitu, chama kinafanya kitu, wasipofanya, chama nacho hakifanyi. Timu zilizojitokeza zikawa nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Mwanzilishi alitaka kuendesha ligi ndogo, akajikuta na umati wa wachezaji wanaotaka ratiba.

1988–1991: Usafi unaingia kwenye msimamo wa ligi

Hatua iliyokipa chama sura yake ilikuja mapema, pale kazi ya usafi ilipofanywa sehemu ya mashindano. Timu haikuweza tena kusema kwamba mpira ni mpira na taka ni kazi ya serikali.

Siku ya usafi wachezaji hufika na reki, koleo na wilibaro. Hugawana mtaro kwa vipande. Wadogo hukusanya karatasi na chupa juu, wakubwa hushuka kuchimbua tope lililogandamana. Kiongozi wa eneo hupita akikagua kazi na kuandika timu iliyofika. Kazi ikikamilika, timu hupata pointi 6, ambazo ni zaidi ya zile inazopata kwa kushinda mechi. Kwa hiyo timu yenye washambuliaji hodari inayolala siku ya usafi inaweza kupitwa na timu ya wastani inayojitokeza kila mara.

Kanuni hii ilitatua matatizo matatu kwa pamoja. Mtaa ulisafishwa. Wazazi waliouona mpira kama uzururaji walianza kuuona ukileta faida mlangoni kwao. Viongozi nao walionekana bila kuteuliwa: kijana anayeweza kuwaamsha wenzake alfajiri na kuwapeleka mtaroni ndiye anayeweza kuongoza.

Mwaka 1990 vijana wa Mathare walisafiri hadi Oslo kushiriki Norway Cup, mashindano makubwa ya soka la vijana, na safari hizo zikawa desturi. Kwa mtoto aliyelelewa bondeni, kupanda ndege lilikuwa jambo kubwa. Kwa uongozi wa chama, ziara hiyo ilikuwa na somo jingine: uwanjani Oslo walikuwepo wasichana wengi, na Mathare haikuwa na timu hata moja ya wasichana.

1992–1999: Wasichana, tuzo za uongozi na huduma mpya

Mwaka 1992 ulileta mambo mawili makubwa. La kwanza ni heshima: mwezi Juni, wakati wa Mkutano wa Dunia kuhusu Mazingira uliofanyika Rio de Janeiro, MYSA ilipokea tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Chama kilichoanza na mpira wa juala kilitambuliwa duniani kwa kufagia mitaro.

La pili ni kuanza kwa soka la wasichana. Hapa uongozi ulikutana na kizuizi ambacho jezi na mipira havingekiondoa. Msichana alikuwa na kazi za nyumbani: kuteka maji, kupika, kulea wadogo zake. Wazazi waliogopa usalama wake akichelewa kurudi, na wengine waliona si heshima akimbie mbele za watu. Chama hakikuishia kulalamika kwamba mila ni ngumu. Wasimamizi walikwenda majumbani kuzungumza na wazazi, mazoezi yakapangwa mapema ili wachezaji wawe kwao kabla ya giza, na wanawake wakafundishwa ukocha na urefa. Ratiba ya mpira ilikubali kuifuata ratiba ya nyumba.

Katika miaka hiyohiyo tuzo za uongozi zilikita mizizi. Mwanachama aliyefundisha wadogo, aliyechezesha mechi, aliyehudhuria usafi au aliyesaidia katika huduma nyingine alipata pointi kwa jina lake. Waliokusanya nyingi walipewa tuzo ya karo. Fedha zililipwa moja kwa moja kwa shule, hazikupitia mkononi mwa mtoto wala wa kiongozi. Hivyo kujitolea kulikuwa na malipo, lakini malipo yenyewe yalimrudisha kijana darasani.

Mwaka 1994 chama kilianzisha mafunzo ya kujikinga na Ukimwi, yakitolewa na vijana kwa vijana wenzao, wakati ambapo wakubwa wengi walinong'ona tu kuhusu ugonjwa huo. Zilifuata huduma za upigaji picha, maktaba, ngoma na maigizo, na msaada kwa watoto waliozuiliwa rumande. Mwaka 1999 uzoefu huo ulipelekwa hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, ambako vijana wa mataifa mbalimbali walihitaji ligi na kazi ya kufanya kama walivyohitaji wa Mathare.

1994–2008: Mathare United na ngazi ya juu

Mwaka 1994 pia ilizaliwa Mathare United, timu ya kuwapokea vijana waliokuwa wamepita umri wa ligi za watoto. Wachezaji wake walitakiwa kuendelea kutoa saa za huduma katika jamii, hasa kwa kuwafundisha wadogo. Nyota aliyesomwa gazetini Jumapili alionekana Jumatatu akiwapanga watoto uwanjani.

Mwaka 1998, ikiwa bado daraja la pili, Mathare United ilitwaa Moi Golden Cup, kombe la mtoano la taifa. Ililitwaa tena mwaka 2000. Mwaka 2004, Kenya iliposhiriki Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia, kikosi kilikuwa na vijana waliopitia Mathare United. Mmoja wao ni Dennis Oliech, mmoja wa wafungaji katika ushindi wa 3-0 dhidi ya Burkina Faso, ambao ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo. Mwaka 2008 Mathare United ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya.

Mafanikio hayo yalikuja wakati soka la taifa likitetereka. Mwezi Juni 2004 FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya vurugu za uongozi, na mwaka 2006 ikaifungia tena. Klabu zilikuwa zimekwisha kuunda chombo chao wenyewe: mwaka 2003 ilisajiliwa kampuni ya Kenyan Premier League, iliyomilikiwa na klabu zinazocheza ligi, huku mwanzilishi wa MYSA akiwa miongoni mwa vinara wa jitihada hizo. Kampuni hiyo iliendesha ligi kuu hadi mkataba wake na shirikisho ulipokwisha mwaka 2020. Fikra iliyokuwa nyuma yake ilitoka bondeni: wanaobeba mzigo wa mashindano ndio wawe na sauti katika uendeshaji wake.

Mwaka 2003 na 2004 MYSA ilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani, na mwaka 2004 ilipokea tuzo ya Laureus kwa kazi ya kuleta mabadiliko kupitia michezo.

2009 hadi leo: Majaribu na uzao

Hakuna taasisi inayopanda tu. Mwaka 2022 Kenya ilifungiwa tena na FIFA kuanzia Februari hadi Novemba, na Mathare United nayo ikashuka daraja katika kipindi hicho cha misukosuko. Timu ilirejea Ligi Kuu kwa msimu wa 2024/25. Kushuka huko hakukuiua MYSA, kwa kuwa chama hakikuwahi kujengwa juu ya timu moja ya wakubwa. Msingi wake ni ligi za watoto mtaani, na ligi hizo haziteremshwi daraja na mtu.

Wakati huohuo mbegu ya kutumia mpira kwa huduma ilikuwa imeota kwingine nchini. Kilifi, tangu 2001, Moving the Goalposts imejenga soka la wasichana linaloendeshwa na wasichana wenyewe. Marsabit, jirani zetu wa kaskazini, shirika la HODI lililoanzishwa mwaka 2003 na wakili Fatuma Abdulkadir Adan limetumia soka kuwachanganya vijana wa jamii zilizokuwa zikigombana, katika kaunti iliyoshuhudia mauaji ya Turbi Julai 2005.

Jedwali la hatua kuu

| Mwaka | Hatua |
|---|---|
| 1987 | MYSA yaanzishwa Mathare, mwezi Agosti |
| 1988 | Usafi wa mtaa waingizwa katika ligi |
| 1990 | Safari ya kwanza ya Norway Cup, Oslo |
| 1992 | Tuzo ya Global 500. Soka la wasichana laanza |
| 1994 | Mathare United yaundwa. Mafunzo kuhusu Ukimwi yaanza |
| 1998 | Mathare United yatwaa Moi Golden Cup ikiwa daraja la pili |
| 1999 | Kazi ya michezo yaanza kambi ya Kakuma |
| 2000 | Moi Golden Cup kwa mara ya pili |
| 2003 | Kampuni ya Kenyan Premier League yasajiliwa |
| 2004 | Tuzo ya Laureus |
| 2008 | Mathare United bingwa wa Ligi Kuu |
| 2024 | Mathare United yarejea Ligi Kuu |

Uongozi ulivyopangwa

Ukiuliza nani anaongoza MYSA, jibu haliishii kwa mtu mmoja. Chama kimegawanywa katika kanda, na kila kanda huchagua kamati yake. Wawakilishi wa kanda hukutana katika mabaraza mawili, moja la michezo na jingine la huduma za jamii, na juu yake lipo baraza kuu. Waliochaguliwa wengi wamekuwa vijana wa chini ya miaka 20. Wafanyakazi wa ofisini, makocha na waratibu wengi ni waliopanda kutoka ligi hizohizo: jana mchezaji, leo refa, kesho msimamizi wa kanda.

Nidhamu nayo iliwekewa kanuni za kufunza, si za kukomoa tu. Refa wa MYSA ana kadi ya kijani pamoja na zile za njano na nyekundu. Kadi hiyo hupewa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wengine, nayo huongeza pointi zake za tuzo ya uongozi. Anayetolewa kwa kadi nyekundu harudi uwanjani kwa kusubiri adhabu iishe tu, hutakiwa kwanza kuchezesha mechi kadhaa za watoto wadogo. Kijana aliyemtolea refa maneno makali anakuta filimbi iko mdomoni mwake, watoto 22 wanamlalamikia, na wazazi wanamzomea pembeni. Baada ya hapo huwa hahitaji mhadhara.

Yanayobebeka hadi Isiolo

Isiolo si Mathare. Bondeni maelfu ya watu wanaishi umbali wa kutembea kwa dakika chache. Kaunti yetu, kwa sensa ya 2019, ina watu 268,002 waliotawanyika katika zaidi ya kilomita za mraba 25,000 na wadi 10. Anayeiga MYSA kwa kunakili kila kitu atashindwa mapema. Cha kuchukua ni mantiki yake.

*Kanda zifuate jiografia.* Wabera na Bulla Pesa zinaweza kucheza ligi ya kila wiki kwa miguu. Sericho, Oldonyiro, au Chari na Cherab upande wa Merti zinahitaji ligi na kamati zao, na washindi pekee ndio wasafiri kuja mjini. Klabu inayotaka kila mechi ichezwe Isiolo mjini itamaliza fedha kwenye nauli.

*Kalenda ifuate mvua.* Katika ukame wa 2020 hadi 2023, ulioshuhudia misimu mitano mfululizo ya mvua kukosekana, vijana wengi wa kaskazini walihama na mifugo. Kama Mathare ilivyopanga mazoezi ya wasichana kwa kuzingatia kazi za nyumbani, Isiolo ipange msimu kwa kuzingatia malisho na mwezi wa Ramadhani. Kijana asiadhibiwe kwa kuchunga ng'ombe wa baba yake.

*Kazi ya jamii iwe ile jamii inayoihitaji.* Mjini ni mitaro na taka za sokoni. Garbatulla na Kinna inaweza kuwa kung'oa miti ya mathenge, kupanda miche shuleni au kuzibua silanga kabla ya mvua. Muhimu ni kwamba kazi hiyo iingie kwenye msimamo wa ligi kwa pointi zinazojulikana kabla ya msimu kuanza. Ikibaki hiari isiyo na hesabu, itafanywa siku mgeni anapokuja na kamera.

*Timu zichanganywe.* Isiolo ni nyumbani kwa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengine. Timu ya jamii moja dhidi ya jamii nyingine hubeba uwanjani ugomvi wa malisho na visima. Kanuni ya usajili inaweza kutaka kila kikosi kiwe na wachezaji wa jamii zaidi ya moja, na nafasi za mwenyekiti, katibu na mweka hazina zisiishie upande mmoja.

*Katiba iwe hai.* Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda ofisi ya Msajili wa Michezo na Mahakama ya Migogoro ya Michezo. Klabu iliyosajiliwa, yenye katiba inayosema uchaguzi unafanyika lini na nani anatia sahihi hundi, ina mahali pa kupeleka mgogoro. Isiyosajiliwa hupeleka mgogoro wake kwa mheshimiwa, na mheshimiwa ana kura zake za kutafuta.

*Mfadhili awe mgeni wa heshima, asiwe mwenye nyumba.* Kombe linalobeba jina la mwanasiasa linaweza kupokewa kwa mikono miwili, mradi ligi ya klabu iendelee kuwepo kombe hilo lisipofika mwaka ujao. MYSA ilipata wahisani wengi wa ndani na nje, lakini pointi za mtaroni hazikuwahi kutegemea hundi ya mtu.

Hitimisho

Miaka ya MYSA imejaa tuzo, vikombe na majina makubwa, na chama kina haki ya kujivunia. Hata hivyo, kilichokivusha si hayo. Ni daftari la kanda: nani alifika, timu gani ilimaliza kazi, nani alichezesha mechi za wadogo, nani amechaguliwa na muda wake unakwisha lini. Klabu ya Isiolo inayotaka kusimama miaka 40 haihitaji kungoja uwanja ukamilike wala mfadhili apatikane. Ianze na ligi ya watoto katika wadi moja, kazi moja ya jamii yenye pointi, uchaguzi wenye tarehe, na daftari ambalo mwanachama yeyote anaweza kulifungua na kulisoma. Kiongozi atakayejitokeza hapo watu watakuwa wamekwisha kumjua kwa kazi yake.